Sisi na Magita Yetu

Watu wanaotusikia tukipiga gita kanisani au arusini hupenda kutuuliza: "Katika magita yote mliyopata kuwa nayo, lililo zuri kupita yote ni lipi?" Wanangoja tutaje gita fulani la Ulaya, lenye rangi ya kung'aa na jina lililoandikwa kichwani kwa herufi za dhahabu. Nasi twashindwa kujibu upesi. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 tumekuwa na magita saba, na katika sita yaliyokwisha kutuacha hakuna hata moja lililokufa kwa uzee. Basi, wasomaji wapendwa, afadhali tuwasimulie habari zake, nanyi mtachagua wenyewe.

Sisi tu wawili, mkubwa na mdogo wa tumbo moja, na twaandika pamoja kama tulivyopiga pamoja. Kwetu ni Kashuga, katika Masisi, kwenye njia itokayo Mweso kwenda Kalembe na Pinga, karibu na mpaka wa Walikale. Ni nchi ya vilima na malisho, ya maharagwe, mihogo na ng'ombe, na mvua haikawii kurudi. Mvua hiyo ndiyo adui wa kwanza wa gita. Adui wa pili tutamtaja baadaye.

Gita la kwanza lilikuwa debe la mafuta ya kula, tuliloliokota nyuma ya duka. Shingo yake ilikuwa ubao wa mkaratusi, na nyuzi zake zilitoka katika waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki ukikatika, mwenye baiskeli huutupa. Lakini mtoto mwenye akili huufungua, akakuta ndani nyuzi nyembamba nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Uzi mmoja peke yake watosha kwa sauti ya juu. Kwa sauti nene twasokota miwili au mitatu. Tulifunga nyuzi nne tu. Mikono yetu ilikuwa midogo na nyuzi zilikuwa ngumu, basi mmoja alishika shingo akikandamiza kwa vidole vyote, na mwingine akapiga. Tuligombana kila siku. Aliyepiga alidai kwamba aliyekandamiza amechelewa, na aliyekandamiza alidai vivyo hivyo juu ya mwenzake. Kumbe ndivyo tulivyojifunza kusikilizana, na hata leo wimbo ukienda kombo hatuna haja ya kutazamana ili kujua ni nani.

Msidhani ya kuwa debe ni jambo la aibu. Franco Luambo, yule aliyezaliwa mwaka 1938 na kufa mwaka 1989, aliyeijaza Afrika nzima rumba ya O.K. Jazz, alianza vilevile na gita la kujitengenezea, akipiga sokoni Léopoldville ili wateja wavutike kwenye mikate aliyouza mama yake. Sisi hatukuwa na mikate ya kuuza. Debe letu lilidumu miezi minane, kisha ng'ombe akalikanyaga malishoni. Yule ng'ombe hakuumia.

Siku zile mwalimu mmoja wa shule alikuwa na gramafoni ya kukaza kwa mkono, na santuri chache alizoletewa na ndugu yake aliyefanya kazi migodini Katanga. Jumapili, baada ya Misa, alituruhusu kukaa mlangoni. Hapo tukamsikia mtu mmoja akipiga gita peke yake, nasi tukaapa kwamba ni watu watatu. Mwalimu akacheka, akatusomea jina lililoandikwa kwenye santuri: Mwenda Jean Bosco.

Huyu Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa zamani wa mfalme Msiri wa Wayeke. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine yake akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, ambao leo waitwa Likasi, akanasa nyimbo zake. Mmoja wao, "Masanga", ukatoka katika santuri za Gallotone za Afrika Kusini, ukaenea kote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, na vijana wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alialikwa kupiga Newport, huko Marekani, mbele ya umati wa Wazungu. Siku za Mobutu, majina ya Kizungu yalipokatazwa, alijiita Mwenda wa Bayeke. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Lakini sisi watoto wa mlangoni hatukujua lolote katika hayo. Tulitaka kujua jambo moja tu: mtu mmoja awezaje kuwa watatu? Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu hivi. Vidole vya Bosco vilipita kama swala. Msaada wetu ukawa ubovu wa gramafoni ile. Springi yake ilipochoka, santuri ilianza kwenda polepole, sauti ikashuka na kuwa nzito kama ya mtu mwenye usingizi, na hapo ndipo tuliposikia kila uzi peke yake. Mwalimu alitaka kukaza upya, sisi tulimwomba: "Mwalimu, tafadhali, acha kwanza ife." Alituona wajinga, lakini aliacha.

Hivyo tukagundua siri. Bosco hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba chatembea juu ya nyuzi nene kama mtu aendaye safari ndefu, hakikimbii wala hakisimami. Kidole cha shahada chacheza juu ya nyuzi nyembamba, mara chaimba wimbo wenyewe, mara chajibu, mara chanyamaza ili gumba lisikike. Ugumu wote umo katika kuvitenganisha viwili hivyo, kila kimoja kifanye kazi yake bila kumwiga mwenzake. Ilituchukua karibu miaka miwili. Baadaye tulipata kusikia kwamba mtaalamu mmoja, David Rycroft, mwaka 1961 na 1962 aliandika makala mbili ndefu juu ya namna Bosco anavyopiga, akiweka kila pigo la kidole katika karatasi. Tulifurahi kusikia kwamba hata yeye, mwenye elimu na mashine, alihitaji miaka miwili.

Gita la pili ndilo lililokuwa na sura ya gita. Tulifanya kazi kwa fundi seremala mmoja, tukipiga randa na kubeba mbao, naye badala ya fedha akatuachia ubao wa libuyu na gundi, akatusimamia mpaka tukalimaliza. Fundi huyo hakujua kupiga gita hata kidogo, lakini alijua hesabu. Vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, ambapo kidole hukandamiza uzi, havipangwi kwa macho. Pima urefu wa uzi toka juu ya shingo hata daraja. Ugawanye kwa 18. Hapo weka chuma cha kwanza. Pima tena sehemu iliyobaki, uigawanye kwa 18, weka cha pili. Endelea hivyo hivyo. Uzi wetu ulikuwa sentimita 63: chuma cha kwanza kikaja sentimita tatu na nusu, cha pili sentimita tatu na milimita tatu mbele yake, na hivi nafasi zikazidi kupungua. Chuma cha 12 chapaswa kuangukia katikati kabisa ya uzi. Kwa kugawanya kwa 18 hukosa kidogo, yapata milimita mbili. Ndiyo maana mafundi wa siku hizi hugawanya kwa 17 na sehemu nane za kumi. Fundi wetu alipoona milimita zile mbili alikwaruza kichwa, akasogeza daraja kidogo, akasema: "Sikio lenu litasamehe." Tangu siku hiyo tumeona watu waliokwenda shule miaka mingi wakisema hesabu haina faida kwa mwanamuziki. Hatuna budi kuwahurumia.

Basi gita likaingia kanisani, na hapo pakawa na maneno. Katekista wetu, mzee mwenye heshima, alisema gita ni chombo cha vilabu vya pombe. Hakusema uongo, wengi walilisikia huko kwanza. Tena alikuwa na sheria za zamani upande wake: Papa Pio wa Kumi, mwaka 1903, alikataza piano kanisani pamoja na vyombo vya kelele, hata ngoma. Lakini padri alitukalisha sote, akatusomea maneno ya Mtaguso wa Vatikano, hati ya Desemba 1963, kwamba kinanda cha mabomba chapewa heshima kubwa, na vyombo vingine vyaweza kukubaliwa kama vyafaa kwa ibada na wenye mamlaka wakiridhia. Kisha akamkumbusha mzee jinsi Padri Guido Haazen alivyowakusanya waimbaji huko Kamina, wakaimba Missa Luba, iliyonaswa mwaka 1958 na kusikiwa Ulaya yote kwa ngoma zake. Katekista alinyamaza, halafu akasema: "Vema. Lakini wapige kwa vidole, wasicharaze." Hilo halikutusumbua: Bosco alikuwa amekwisha kutufundisha kupiga kwa vidole. Roma ilipoikubali Misa ya Zaire mwaka 1988, yule mzee alikuwa bado hai, naye alicheza hata altareni akitangulia wengine.

Gita la tatu na la nne yalikuwa ya umeme, nayo twayataja pamoja kwa sababu yaliingia pamoja na kutoka pamoja. Ilikuwa siku za Zaire. Kila kijana alitaka kupiga kama Docteur Nico wa African Fiesta, na sisi pia. Kwa fedha za maharagwe ya misimu mitatu, pamoja na wenzetu watatu, tulinunua Goma gita moja la solo, moja la besi, amplifaya na betri ya gari. Fundi wa redio alitueleza namna linavyofanya kazi: chini ya nyuzi mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mamia na maelfu ya mara; uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika shaba, na amplifaya huukuza mpaka ukitikise kipaza sauti. Ndiyo sababu uzi wa nailoni hausemi kitu hapo, hata uupige kwa nyundo.

Tulipiga Mweso, tulipiga Kitchanga, tulipiga mbali mpaka Pinga, betri ikibebwa juu ya chukudu na sisi tukisukuma kwa nyuma. Watu walituona wakubwa. Ni kweli, ilikuwa furaha, hatuwezi kukana. Sauti ya gita la umeme usiku, bondeni, hufika kilima cha pili na kurudi. Lakini twasema wazi ya kuwa katika miaka ile vidole vyetu havikuongezeka kitu. Chombo chenye nguvu hukufanyia kazi, nawe walala. Ukipiga noti moja ikalia kwa muda mrefu, wajiuliza: ya pili ya nini? Tena kila mara tulikuwa wa kutafuta: leo betri imekwisha, kesho waya umekatika, keshokutwa fyuzi. Twadhani mwezi ulikuwa na siku kumi za kupiga na ishirini za kutengeneza. Vijana wanaosifu rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, wangefaa kukumbuka pia wale waliobeba betri.

Sasa tumtaje adui wa pili. Mwaka 1993 fujo zilianza Walikale zikaenea Masisi. Mwaka 1994 watu mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda wakajaa Goma na kandokando yake. Mwaka 1996 vita vikubwa vikaja. Kijiji chetu kimekimbia na kurudi, kimepokea wakimbizi, nacho kimekuwa mkimbizi, mara nyingi mno. Watu wenye bunduki walichukua amplifaya, betri na magita mawili ya umeme katika dakika chache. Hatukuwajua, wala hatukuuliza.

Gita la libuyu tulilifukia shambani katika gunia, baada ya kulegeza nyuzi zake, kwa sababu nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70, na gita likiachwa hivyo katika unyevu hujipinda lenyewe. Tulitaka kulibeba. Mama alitazama gita, akatazama sufuria, akatutazama sisi. Akasema: "Wanangu, mtakula nyimbo?" Basi tukabeba sufuria.

Usiku wa tatu tulikuwa porini upande wa Walikale, watu labda arobaini, mvua ikinyesha. Hatukuweza kuwasha moto. Watoto walilia kwa baridi na njaa, na kilio chao kilituhatarisha sote. Mama akatunong'oneza: "Kile kidebe chenu hamkuja nacho?" Tukamkumbusha habari ya sufuria. Alikaa kimya kidogo, kisha akaigeuza sufuria ile kifudifudi magotini pake, akaanza kuipapasa kwa ncha za vidole, polepole, gumba upande mmoja na kidole cha shahada upande mwingine. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikuwa ametusikia miaka yote ile kutoka jikoni. Sisi tukaimba chini ya pumzi, na mtoto mmoja akanyamaza, halafu wa pili. Mama yetu hakuwahi kushika gita hata siku moja ya maisha yake, na twamweka kati ya wapiga gita.

Miezi minne baadaye tulifukua gunia. Gundi ilikuwa imeachia, mchwa walikuwa wamekula nyuma yote. Lakini nyuzi zilikuwa nzima, zenye kutu kidogo tu. Tulizisugua kwa majivu tukazifunga katika gita la tano, tulilolitengeneza kwa mbao za sanduku la mizigo. Hilo halikuwa na sauti nzuri, na katika mkimbio mwingine tulilikuta limechomwa kuni. Aliyelichoma alipika viazi, nasi tulikula baadhi yake kabla ya kujua.

La sita lilikuwa zuri kweli. Mpwa wetu wa Bukavu alitupatia: kifua cha mbao nzima, shingo iliyonyoka, funguo za kukazia nyuzi zilizozunguka kama zimepakwa siagi. Kama swali la watu ni juu ya uzuri wa chombo, jibu ni hilo la sita. Tulikaa nalo mwaka mmoja na miezi miwili. Kisha mke wa mdogo akashindwa kujifungua, ikabidi apasuliwe, na njia na dawa na chakula vyote vilitaka fedha siku ile ile. Mfanyabiashara mmoja alilipa chini ya nusu ya bei yake. Mtoto ni msichana, leo ni mtu mzima, naye ndiye anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya. Watu wakisema sauti yake nzuri, twajibu kwamba tulikwisha kuilipia.

Gita la saba ndilo tulilo nalo: la mbao za kubandika, lenye ufa ubavuni tuliouziba kwa gundi na kitambaa. Wimbo ukiwa chini mno kwa waimbaji, twafunga penseli juu ya shingo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nyuzi zote zikapanda pamoja. Vidole vya mkubwa vimeanza kukakamaa asubuhi za baridi. Huvichovya katika maji ya moto kabla ya Misa.

Vijana wa kwaya wanataka kinanda cha umeme, kile chenye ngoma ndani, ambacho ukibonyeza kitufe chajipigia chenyewe. Wametuuliza, nasi hatukuwakataza. Kinanda si dhambi. Tuliwaambia tu wahesabu pia betri na paneli ya jua na mtu wa kuvilinda, kisha wahesabu ni wangapi kati yao watakaojifunza: kinanda kimoja, mchezaji mmoja, na wengine wote watazamaji. Walijibu kwamba magita ni ghali. Tukawauliza: "Nani aliwaambia tunanunua?"

Basi sasa kila Jumamosi mchana, nyuma ya nyumba yetu, watoto wanaleta madebe. Wako wa kijiji na wako waliokuja kwa kukimbia; debe halimwulizi mtu atokako. Twawafundisha kugawanya kwa 18, na wale wasiojua kugawanya hufundishwa na wenzao wanaojua, kwa kijiti, juu ya udongo. Magita matano yamekamilika. Msichana mmoja wa miaka kumi amekwisha kutenganisha gumba na kidole cha shahada kwa muda wa miezi mitano, jambo lililotuchukua sisi miaka miwili, nasi bado twajadiliana kama tumwambie au tuache kwanza.

Shida yetu kubwa ni nyuzi. Baiskeli zimepungua barabarani, pikipiki zimechukua nafasi yake. Chukudu haina waya wa breki, husimamishwa kwa kipande cha mpira kinachokandamizwa juu ya gurudumu la nyuma. Waya wa pikipiki ni mnene zaidi, lakini tumeujaribu: ukifunguliwa kwa uangalifu, nyuzi zake za ndani zafaa kwa sauti za besi. Tumewaomba madereva wa pikipiki wapitao njia ya Mweso watuwekee kila waya unaokatika. Wawili wamekwisha kuleta, na mmoja amesema ataleta wa tatu juma lijalo, akipita.